Mgeni Aliyepungukiwa Nauli

Anayesema nilikuwa nimelewa aje aniambie usoni, asizungukezunguke vijiweni. Pombe niliacha mwaka wa sita huu na mke wangu ni shahidi. Na yule mwingine anayesema niliota, mwambieni ndoto haiachi blanketi mbili na vitenge doti sita kwenye siti ya nyuma. Haya mambo yamenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, na waliomwona yule mama wapo. Dada wa gesti yupo, mwenye mgahawa yupo, nawasalimia kila siku.

Lakini lazima nianze na ubaya wangu. Nisipoanza nao utabaki kunionea huruma, na huruma yako siitaki.

Mama yangu alikuwa na dada yake, mkubwa wake, jina lake Nyangeta. Kwetu ni Butiama, ndani huko, ukiacha lami unakula vumbi nusu saa nzima. Mama mkubwa Nyangeta aliondoka kabla sijazaliwa. Alikwenda Uswidi na wazungu aliokuwa anawalelea mtoto, na huko huko akabaki, akawa anafua na kusafisha kwenye nyumba ya wazee. Mimi nilimjua kwa sauti ya simu tu, na kwa picha moja ya msichana mwembamba iliyopauka ukutani kwa bibi. Ada yangu ya sekondari ililipwa na yeye. Bati za nyumba ya kwetu, yeye. Kila mwaka alisema, "Mwaka huu nakuja likizo," na kila mwaka pesa ya likizo ikaenda kwenye shida yetu moja au nyingine.

Miaka mitatu iliyopita akafariki. Watanzania wa kule wakajichanga wakatuambia: ndege tunalipa sisi mpaka Mwanza. Kutoka uwanjani Mwanza mpaka nyumbani, pamoja na mambo ya mazishi, jikusanyeni wenyewe. Ukoo ukakaa, watu wakachanga, na mweka hazina nikawekwa mimi kwa sababu nakaa mjini Musoma na nina simu kubwa. Zikapatikana laki sita na ishirini. Usifikiri ni kidogo. Kuna mtu aliuza mbuzi pale, kuna mwingine alitoa pesa ya pamba aliyoiweka kwa ajili ya mbegu.

Wiki hiyo hiyo injini ya gari yangu ikafa. Unaanza kunielewa, siyo? Nikasema naichukua hii, nanunua injini ya mtumba, narudisha ndani ya siku kumi. Siku kumi zikawa wiki tatu. Kule wakapiga simu, nikawa sipokei. Mwisho wakachoka, wakamzika huko huko kwenye baridi yao. Nikaenda nyumbani na uso wa msiba nikawaambia wazee kwamba pesa ilitumwa, ikaishia kwenye gharama za mochwari. Hakuna aliyeuliza risiti. Kwetu mchango wa msiba hauulizwi risiti, ukiuliza unaonekana umemtukana marehemu. Mimi nilijificha nyuma ya heshima hiyo.

Huo ndio ubaya wangu. Sasa sikiliza.

Kazi yangu ilikuwa kuzungusha wageni na gari ya siti saba. Na nikwambie kitu ambacho watu hawajui: mgeni wa likizo shida yake kubwa huwaga si simba wala mbu, ni malipo. Kadi yake haikubaliwi kwenye mgahawa, noti zake zinakataliwa, laini ya huku hana. Kwa hiyo dereva ndiye anakuwa mfuko wake. Anatumiwa pesa kwenye simu yangu, mimi nalipa kila tunapofika kwa lipa namba. Nilikuwa na laini mbili, moja ya wageni na moja yangu. Samaki ni elfu kumi na nane, mgeni namwambia elfu ishirini na tano, na hiyo elfu saba inahamia kwenye laini yangu. Ndiyo cha juu. Mgeni akishangaa, nasema ni makato ya mtandao. Usinitolee macho, mjini hapa kila mtu anakula kwa mgeni wake.

Agosti mwaka jana, asubuhi, ikaingia simu ya namba ya nje.

"Wewe ndiye dereva wa siti saba?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Niko likizo. Likizo yangu ni ya siku moja. Nifuate hapa Kigera."

"Nani kakupa namba yangu?"

"Nilikuwaga nayo," akasema, akakata.

Nikamkuta amekaa kwenye baraza ya gesti, juu ya sanduku lake la magurudumu. Mama wa miaka sitini na kitu, mweusi kama sisi, miwani nyeusi, kofia ya sufu, na koti. Koti zito, refu mpaka kwenye magoti, Agosti ile, Musoma hii, jua linapasua mawe. Nilikuwa nimeoga muda huo huo na shati limeshanigandia mgongoni. Yeye hata tone. Alinisalimia kwa Kizanaki safi, cha zamani, kile ambacho siku hizi unakisikia kwa vikongwe tu.

"Kumbe mama ni wa kwetu!" nikasema kwa furaha.

"Wa kwenu," akajibu.

Akanipa ratiba yake. Anataka kula samaki. Anataka kuingia ziwani. Anataka kwenda Bunda, sokoni, kununua zawadi, kwa sababu baba yake alikuwaga anapeleka pamba Bunda, na akirudi na sukari siku hiyo hawalali. Halafu anataka kurudi Butiama, ndani, alale kwao usiku mmoja. "Usiku mmoja tu unanitosha," akasema. Nikamuuliza kwa nani huko ndani. Akasema nitapajua tukifika.

Nikampa bei. Mzunguko wa Musoma na Bunda laki na ishirini. Kuingia ndani Butiama elfu sitini, na hiyo ya ndani inalipwa kabla sijaacha lami. Huo ulikuwa utaratibu wangu, kwa sababu watu wakishafika kwao wanakuwaga wajeuri, wanaanza kukuletea maziwa badala ya hela. Akaitikia kwa kichwa. "Kabla ya kuacha lami. Sawa."

Sasa pesa. Tukaenda kwenye mashine ya benki. Akaingiza kadi, mashine ikaitema: muda wake umekwisha. Tukaingia ndani ya benki na noti zake, krona za Uswidi. Kijana wa dirishani akazigeuza akasema hizi hapa hatupokei, na halafu ni za zamani, hata Mwanza sidhani. Nikasema basi tukusajilie laini kwa pasipoti, utumiwe mwenyewe. Dada wa laini akamshika kidole gumba akakikandamiza kwenye kimashine. Hakisomi. Kidole cha pili, hakisomi. Vyote kumi.

"Mama umelima sana?" yule dada akamtania.

"Nimefua sana."

"Na mikono ya baridi hivi! Kama ulishika barafu."

Uswidi, koti, Butiama, kufua. Najua unachosema moyoni. Unasema, huyu mwanaume ni mjinga kiasi gani? Ndugu yangu, mtu mwenye dhambi huwaga hajui kujumlisha. Waswidi walijaa hapa enzi za miradi ya maji, wamechukua watu wengi. Mimi nilichokiona ni mgeni mwenye hela. Nikamwambia, basi mama, mtumaji wako aitume kwenye simu yangu.

Hakupiga simu. Hakuandika kitu. Alikaa tu siti ya nyuma, mikono mapajani, akasema, "Tazama simu yako."

Ikalia. Umepokea elfu hamsini. Ikalia tena. Elfu ishirini. Elfu ishirini. Elfu kumi. Elfu tano. Ikalia dakika tano mfululizo kama ina wazimu, mpaka ikafika kwenye elfu mbili. Nikacheka.

"Mama, ni nani huyu anayemtumia mtu likizo elfu mbili?"

"Ni watu wangu. Wamenichangia."

Majina ya watumaji sikuyasoma. Nani husoma majina? Mimi niliangalia salio tu. Laki sita na ishirini. Nilikumbuka ule mchango, sikatai. Halafu nikajiambia namba ni namba, hata mchele kilo mbili na sukari kilo mbili uzito wake ni mmoja. Nikalipa gesti alikolala elfu thelathini na tano, nikamwambia arobaini na tano.

Tukaenda kando ya ziwa. Aliagiza sato mzima na ugali wa muhogo, akala, wee! Sijawahi kuona mtu anakula hivyo. Alikula na kichwa, akafyonza macho, akalamba vidole, na machozi yanatoka chini ya ile miwani.

"Kule kichwa hawauzi," akasema. "Wanatupa."

Mimi pia nilikaribia kulia, sijui kwa nini. Lakini nililipa elfu kumi na nane na nikasema ishirini na tano. Baada ya hapo akataka boti. Elfu ishirini, nikasema thelathini. Akavua viatu, akaweka miguu majini pembeni ya boti.

"Maji ya huku hayaumi," akasema. Halafu akanigeukia. "Mwanangu, hiki kinachokatwa kila tukilipa ni nini?"

"Ni makato, mama. Ya mtandao."

"Makato ya huku ni makubwa kuliko ya kule."

"Ndiyo nchi yetu, mama," nikasema, na mwenye boti akacheka, na mimi nikacheka.

Njiani kwenda Bunda alikuwa anatazama nje bila kuchoka, kila mfugo, kila rundo la mawe. Tulipopita Kiabakari akaniuliza gari ni ya nani.

"Yangu, mama."

"Injini inaunguruma vizuri."

"Nilibadilisha. Nilijibana sana kuipata."

Halafu akageuka kutazama nyuma yake. "Hizi siti za nyuma zinalala?"

"Zinalala zote. Inakuwa kama kitanda."

Akanyoosha mkono akapima, kutoka kwenye siti mpaka kwenye mlango wa nyuma, taratibu, kwa shubiri. "Ningetosha hapa," akasema.

Nikaongeza sauti ya redio. Kwa nini sikusimama? Kwa nini sikumuuliza jina? Nimejiuliza maswali hayo mpaka nimechoka. Nadhani nilikuwa nimeshajua, na mtu akishajua ndipo anapokazana zaidi kutojua.

Bunda sokoni alinunua kama bibi harusi. Vitenge doti sita, anachagua mwenyewe, anavinusa. Blanketi mbili. Mchele, sukari, chumvi, sabuni za miche. "Za mdogo wangu," anasema kila akipokea. "Mdogo wangu hapendi rangi ya kijani. Mdogo wangu anasikia baridi miguuni." Mimi nanong'onezana na wauzaji pembeni, ya ishirini iwe ishirini na tano, ya thelathini na tano iwe arobaini na tano. Yeye anatazama juu, kama anayepima mvua.

Akatangulia kwenye gari. Mimi nikabaki kwenye kivuli cha duka niangalie salio kabla ya kuweka mafuta. Na hapo, sijui nini kilinisukuma, kidole kikapanda juu kwenye zile meseji za asubuhi. Nikasoma majina.

Elfu hamsini, Mzee Wambura. Ndiye aliyeuza mbuzi. Elfu ishirini, Masatu wa mashine ya kusaga. Elfu ishirini, mwalimu wa shule ya msingi. Nikaendelea kushuka, na kila jina nalijua kabla sijalifikia, kwa sababu niliyaandika mimi mwenyewe kwenye daftari, kwa mpangilio huo huo, siku ile ya kikao cha ukoo. Watu thelathini na nne. Wa mwisho elfu mbili.

Mama yangu weee! Nilishika ukuta wa duka la watu, muuzaji ananiuliza vipi kaka, unaumwa? Nikapiga simu kwa Mzee Wambura. Nikamuuliza kama leo ametuma pesa kwa mtu. Akanicheka: "Pesa nitoe wapi, mwanangu? Mimi niko nachunga."

Nilitaka kukimbia. Nakuambia ukweli, nilitazama njia ya kwenda Lamadi na nikapanga kuiacha gari pale. Nikageuka, nikamwona. Amekaa siti ya nyuma, amejifunga mkanda, mfuko wa vitenge mapajani, anatazama mbele kwa hamu ya mtu anayekwenda nyumbani. Nikashindwa. Nikaingia, nikawasha.

Kutoka Bunda mpaka njia ya Butiama nilizima redio. Jua lilikuwa linashuka upande wa ziwa. Moyoni nilikuwa naomba, Mungu wangu, nimfikishe tu. Nilisema nitampeleka mpaka mlangoni kwa mama yangu, nitapiga magoti, nitasema yote. Kilomita zile nilikuwa mtu mwema kuliko siku zote za maisha yangu, na nilikuwa nimechelewa.

Tukafika pale lami inapoishia. Nikakata kona kuingia kwenye vumbi.

"Simama," akasema.

Nikasimama.

"Hii ya ndani hulipwa kabla ya kuacha lami. Ulisema mwenyewe. Chukua elfu sitini yako."

"Mama, hapana, hii tusiihesabu..."

"Tazama salio."

Nikatazama. Elfu arobaini.

"Haitoshi," nikasema. "Lakini mama, twende. Nakupeleka bure. Nakuomba."

Akavua miwani. Macho yalikuwa ya mama yangu mzazi, yale yale, na kijimkunjo kile kile pembeni. Hayakuwa na hasira. Laiti yangekuwa na hasira!

"Sipandi gari ya bure," akasema. "Maisha yangu yote nimelipa. Nyie nimewalipia, na njia yangu ikalipiwa. Laki sita na ishirini zilikuwa zinatosha kunifikisha nyumbani. Zilitosha mara ya kwanza, na leo zilikuwa zinatosha. Zimepungukia wapi, mwanangu?"

Ile tofauti ilikuwa kwenye laini yangu nyingine, mfukoni, nikaisikia kama kaa la moto. Nikasema nakurudishia, nakurudishia sasa hivi, nikawa nabonyeza simu na vidole haviniitikii.

Yeye akafungua mlango. Akashusha sanduku lake mwenyewe. Vitenge na blanketi na vile vingine akaviacha kwenye siti, akavipanga vizuri visianguke.

"Hizi mpelekee mdogo wangu," akasema. "Mwambie nimekuja, nimepungukiwa nauli."

Akakaa juu ya sanduku kando ya barabara, akafunga vifungo vya koti.

Na mimi? Niliondoka. Sema utakavyo. Nilikanyaga mafuta, nikaenda mbele kwa mama kwa sababu kurudi nyuma ni kumpita yeye, na kwenye kioo nikamwona anakuwa mdogo, mdogo, mpaka vumbi likamfunika.

Mama nilimkuta anafunga ndama. Nikamwekea mizigo miguuni. Nikasema yote, mpaka ya injini, mpaka ya mochwari, sikubakiza. Mama hakulia wala hakunitukana. Akaviinua vitenge kimoja kimoja, hakuna cha kijani, akaviweka puani. Akauliza swali moja tu.

"Umemwacha wapi?"

Akachukua tochi, akatoka pekupeku. Ilibidi nimkimbilie na gari. Tulipofika hapakuwa na mtu. Kwenye vumbi palikuwa na mistari miwili, ya magurudumu madogo ya sanduku, imeelekea nyumbani kama hatua kumi hivi, halafu basi. Mama akasimama pale giza likaingia, anaita, "Dada! Dada!" Tangu siku hiyo hajaniita jina langu. Ananiita "wewe".

Wiki iliyofuata nilienda kwa Mzee Wambura na elfu hamsini, nikamwambia ukweli. Alinichapa fimbo ya ng'ombe, moja, begani, akapokea pesa yake. Jioni hiyo mtu wa bodaboda akasimulia dukani kwamba amempita bibi mmoja mwenye koti amekaa juu ya sanduku, pale kwenye kalavati, kile kidaraja cha maji ya mvua. Kalavati iko mbele ya pale nilipomwacha. Mbele, upande wa nyumbani. Nikamlipa Masatu. Akaonekana mbele ya kalavati, kwenye mti ulioungua. Hapo ndipo nikaelewa. Gari nikaiuza, leo naendesha ya mtu. Nikawa napita mji kwa mji na daftari langu, natukanwa, nalipa, na kila nikilipa mmoja yeye anasogea. Mwalimu. Wale ndugu wawili wa kisimani. Miezi saba. Watu thelathini na tatu.

Kumbuka walikuwa thelathini na nne.

Wa elfu mbili alikuwa kikongwe, Bibi Nyabise, anaishi peke yake, hana mtoto, hana ndugu anayejulikana. Nilimwacha wa mwisho kwa sababu pesa yake ilikuwa ndogo. Nilisema huyu mwepesi, huyu nitampa siku yoyote nikipita. Mara mbili nilipita mlangoni kwake, akanisalimia, nikasema bibi nakuja. Mvua za Machi zikamchukua.

Nimeitoa hiyo elfu mbili kama sadaka kanisani. Hakusogea. Nimempa jirani aliyemzika. Hakusogea. Nimeifukia kwenye kaburi la bibi, nikajisikia mpumbavu, na kesho yake hakusogea. Mama mkubwa amekaa pale kwenye mpaka wa shamba la muhogo la jirani. Ukiwa pale unaziona bati zetu. Unasikia ng'ombe wetu wakikojoa, ni karibu hivyo. Kila jioni mama anachukua kigoda, anajifunga kitenge kimoja, anaenda kukaa naye. Mimi naruhusiwa kufika kwenye zizi tu. Naliona lile koti, na mama ameinama anaongea. Anamwambia, "Dada, ingia ulale." Mama anasema jibu huwa moja: nauli ikitimia. Mama amezeeka sana mwaka huu, na usiku kule kuna umande.

Sasa wewe unayenisikiliza, kama mkononi mwako una mchango wa msiba, au pesa ya mtu aliyeko mbali anayetaka kurudi kwao, usiseme siku kumi. Ondoka sasa hivi uipeleke, na anza na aliyetoa kidogo, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye mwenye siku chache za kukungoja. Usidhani kuwa deni linakungoja wewe. Watu wanakufa, na deni linabaki halina wa kulipokea.

Elfu mbili. Ninayo hapa mfukoni, ishike uione. Niambie nimpe nani.